Wati za kwenye kibandiko zina masharti

Geuza birika lako la umeme uangalie kitako chake. Mengi yanayouzwa madukani yana kibandiko cha namna hii: 220–240V, 1850–2200W. Wateja wangu wengi hapa Mtwara huiona hiyo 2200 tu, kisha wanashangaa maji yanapochelewa kuchemka. Soma namba zote nne. Birika halina wati zake lenyewe. Lina koili, yaani waya unaopasha joto; koili ina ukinzani, yaani inavyouzuia mkondo kupita, na wati zinategemea volti unazoipelekea.

Hesabu zenyewe ni mbili tu. Volti ukigawanya kwa ampia unapata ukinzani, ambao hupimwa kwa omu. Volti ukizidisha kwa ampia unapata wati. Kanuni ya ukinzani aliichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, na mpaka leo sijakutana na pasi wala hita iliyoikaidi.

Kuna mama anauza chai na vitumbua upande wa Nanguruwe. Aliniita akiwa na hasira na muuza duka. “Mwanangu, birika hili ni feki, linachemsha kama limechoka.”

“Shikamoo mama. Ngoja kwanza tulipime, tusimsingizie mtu.”

Birika likiwa linafanya kazi, soketi ya jikoni ilisoma volti 205, na klampu, kipimo cha ampia kinachobana waya kwa nje, ikasoma ampia 7.9. Gawanya: omu 26 hivi. Sasa rudi kwenye kibandiko. Volti 220 kwa omu 26 zinatoa ampia 8.5 kasoro kidogo, na wati kama 1860. Volti 240 zinatoa wati kama 2215. Ndizo namba za kibandiko zilezile, zimepishana kidogo sana. Birika lilikuwa zima kabisa. Ila kwa volti 205 na ampia 7.9, lilikuwa linapata wati 1620.

Watu huanza kulalamika papo hapo kwamba gesi inachimbwa Mnazi Bay, umeme unafuliwa hapa hapa Mtwara, halafu sisi tunapata umeme hafifu. Wakati mwingine wana hoja. Siku ile hapana. Pale kwenye mita ya LUKU, birika likiwa bado linachemsha, nilikuta volti 226. Volti 21 zilikuwa zinapotea ndani ya ua wa mama mwenyewe, kwenye waya mwembamba wa kufungia taa, wenye urefu wa kama mita 50, uliopitishwa juu ya mikorosho kutoka nyumbani hadi kibanda cha jikoni, tena na viungo vya kusokota kwa mkono.

Hesabu ileile inaukamata na waya. Volti 21 gawanya kwa ampia 7.9: waya una omu 2.7 hivi. Volti 21 mara ampia 7.9: wati 166. Wati hizo zote zinageuka joto juu ya mkorosho, na LUKU inazihesabu kama kawaida. Sehemu kubwa ya joto la hatari hukaa kwenye viungo, na hapo ndipo moto huanzia. Tukaweka waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 usio na kiungo njiani, soketi ya jikoni ikapanda hadi karibu volti 220. Birika halikubadilishwa.

Ukitaka kupima mwenyewe, angalia mambo mawili. Klampu inakamata waya mmoja tu. Ukiifunga kwenye kebo nzima inasoma sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana, na nimewaona mafundi wakisema “hakuna mzigo” kwa kosa hilo. La pili ni hatari zaidi: multimita, kipimo cha volti, ampia na omu, ikiwa kwenye ampia usiichomeke kwenye soketi kamwe. Ikiwa hapo ukinzani wake ni karibu na sifuri. Gawanya volti 230 kwa omu 0.1 uone namba inayotoka, kisha fikiria mkono wako uko karibu nayo. Ampia kwa multimita hupimwa kwa kuiingiza ndani ya njia ya mkondo, na kwa umeme wa nyumbani mimi nakushauri uwe na klampu tu, uachane na hayo mengine.

Ukinzani wa koili unaweza kuupima pia kwa multimita, kifaa kikiwa kimechomolewa. Kwa birika na pasi utapata karibu namba ileile unayoipata ukigawanya volti kwa ampia. Kwa balbu ya zamani ya uzi utapata kidogo mno, kama sehemu moja ya kumi, maana uzi ukiwaka moto ukinzani wake hupanda sana. Usidhani balbu ni mbovu.

Hesabu hizi zinakwenda sawa kwa vitu vya koili. Wenye friza za samaki kule Mikindani msizitumie kichwa kichwa. Kwenye mota, volti mara ampia hukupa namba kubwa kuliko wati halisi, na volti zikishuka mota haipunguzi mwendo wa kula kama birika. Mara nyingi huvuta ampia zaidi, ikapata joto, ikaungua. Ndiyo maana birika kwenye umeme hafifu linachelewa tu, friza inakufa. Kabla ya kununua friza ya pili, pima volti kwenye soketi yake mota ikiwa inazunguka, na upime tena kwenye mita ya LUKU dakika hiyohiyo. Tofauti ikiwa kubwa, pesa yako ianzie kwenye waya.