Maswali kwa Fundi: Ekseli ya titani, nichonge au niache?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nakereza vyuma hapa Changamwe, Mombasa. Kuna vijana wawili wa motokrosi, zile mbio za pikipiki za kwenye matuta, wameniletea fito ya titani gredi 5 wanataka niwachongee ekseli nyepesi, sasa mabodaboda wa steji wamesikia na wao wanazitaka. Nichukue tu vipimo vya ile ya chuma nichonge hivyohivyo?

JIBU: Marahaba kijana wangu, afadhali umeuliza kabla hujawasha mashine. Chukua ekseli ya unene wa milimita 15 na urefu wa sentimita 25, isiyo na tundu ndani. Ya chuma inafika gramu 347 hivi, ya titani 196, umeokoa kama gramu 150. Kwa wa motokrosi hicho si kidogo, kwa sababu ekseli iko kule chini kwenye gurudumu, shokapu haiibebi, na gurudumu likiwa jepesi shokapu inalirudisha chini haraka ukipita matuta. Ila asikudanganye mtu kwamba pikipiki itachomoka mbio eti kwa vile ekseli inazunguka kwa wepesi, ekseli ya pikipiki haizunguki kabisa, imebanwa na nati, kinachozunguka ni habu, yaani kitovu cha gurudumu, juu ya beringi.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Hiyo gredi 5, yenye aluminiamu asilimia 6 na vanadi asilimia 4, kwa kuvunjika ni ngumu, inashindana na chuma kizuri, lakini kwa kupinda ni laini karibu nusu. Huko kukataa kupinda kunapimwa kwa gigapaskali, chuma kina 205 hivi, titani 114, kwa hiyo ukichonga unene uleule, mzigo uleule, itapinda karibu mara 1.8. Itarudi ilivyokuwa, sawa, lakini pale inapopinda beringi zinakaa upande na gurudumu linatangatanga kwenye kona. Dawa ni kuinenepesha, na wewe huwezi kwa sababu tundu la beringi ndilo linaloamua unene.

Kwa hiyo bodaboda anayebeba abiria wawili na gunia juu, mwambie hapana, hata kama ana pesa mkononi. Mchongee ya chuma cha aloi kilichotiwa moto vizuri, yenye tundu la milimita 8 katikati. Fanya hesabu mwenyewe: kwenye ekseli ya milimita 15 tundu hilo linaondoa asilimia 28 ya uzito na ugumu wa kukataa kupinda unapungua asilimia 8 tu! Mimi hesabu hii naipenda sana kwa sababu haihitaji fito ya bei ya kutisha. Lakini chonga mpya, usitoboe ile ya zamani ambayo hujui imeshapigwa na mashimo mangapi ya barabarani.

Wale wa motokrosi wachongee, ila pale unene unapobadilika usiache kona kali, zungushia taratibu halafu ulainishe mpaka ing'ae, kwa sababu titani ikiwa na mkwaruzo ufa unaanzia hapohapo. Zungusha mashine polepole, kisu kikali, maji ya kupoza mengi, maana titani haisambazi joto vizuri, sehemu kubwa inabaki kwenye ncha ya kisu. Na mabaki membamba yanaweza kushika moto. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu na ikitokea usimwage maji hata kidogo, yanazidisha.

SWALI: Fundi, titani si ilikuwa inachimbwa Kwale hapa kwetu? Mbona basi fito ni ghali hivi?

JIBU: Kilichotoka Kwale na kupakiwa melini Likoni, kuanzia 2014 mpaka mgodi ulipofungwa mwisho wa 2024, kilikuwa mchanga wenye madini, ilmenaiti, rutaili na zirkoni, siyo titani yenyewe. Sehemu kubwa ya madini ya titani duniani inaishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka. Kupata titani yenyewe lazima madini uyapitishe kwa klorini halafu magnesi kwenye joto kali bila hewa kuingia, na umeme wake ni mwingi mno, bei inapandia huko.

SWALI: Niliagiza ekseli ya titani na nati yake ya titani, nimefunga mara mbili tu na sasa nati imegoma, haiendi mbele wala nyuma. Nifanyeje?

JIBU: Pole ndugu yangu. Titani kwa titani zinang'ang'aniana, meno yanalana mpaka yanakuwa kitu kimoja. Usiilazimishe kwa bomba refu, utakata ekseli, mpe fundi aipasue nati kwa msumeno taratibu bila kugusa meno ya ekseli. Meno yakitoka mazima funga nati ya chuma, na kila ukifungua paka grisi ya shaba kabla ya kurudisha. Meno yakiwa yamechanika hata mawili matatu, hiyo ekseli usiipande tena.