Mwisho wa siku ni magharibi

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Mwalimu, rafiki yangu hukereka nikisema 'mwisho wa siku' kwa maana ya 'hatimaye'. Lakini Kiingereza chenyewe kimeokota kila mahali hadi kikawa lugha ya dunia. Sisi tukitohoa kwao, kosa liko wapi?"

Kuhusu Kiingereza umesema kweli, tena hukumaliza. Waangli na Wasaksoni waliingia Uingereza katika karne ya 5 na lahaja zao za jamii ya Kijerumani. Baadaye wakaja Waviking, mabaharia wa Skandinavia, wakaacha hadi viwakilishi: "they", "them" na "their" vimetoka kwao. Hebu fikiria sisi tuazime "wao"! Mwaka 1066 William wa Normandy, huko Ufaransa, akashinda vita pale Hastings, na Kifaransa kikakaa ikulu na mahakamani kwa vizazi. Mwaka 1362 Bunge likapitisha sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. (Ukipokea waraka wa kuhimiza Kiswahili ulioandikwa kwa Kiingereza, ujue una ukoo mrefu.)

Ila tazama walivyoazima. "Beauty" ya Wafaransa waliibandika kiambishi chao wenyewe, ikawa "beautiful". Nasi tulifanya vivyo hivyo: kitabu cha Waarabu tukakipeleka ngeli ya ki-vi, tukapata vitabu, ilhali Mwarabu husema kutub. Na yule aliyekiona kibao cha "keep left" akatupatia kipilefti, na wenzake wakaongeza vipilefti, huyo ndiye mwanaisimu ninayemwamkia shikamoo.

"Mwisho wa siku" si utohozi. Ni tafsiri sisisi, yaani ya neno kwa neno, ya "at the end of the day" ya Waingereza. Mwisho ni neno letu, siku ni neno letu, maana ndiyo ya kupanga. Sikio la Mswahili likisikia hivyo linaona jua linazama. Kwa hesabu ya wazee wa pwani siku huishia hapo hapo magharibi, na usiku unaofuata ni wa siku nyingine. Sasa mchambuzi wa soka yuko redioni saa mbili asubuhi: "Mwisho wa siku, kocha ataondoka." Namwonea huruma kocha, sijui hata kama amefunga mizigo. Dakika mbili baadaye: "Mwisho wa siku, mpira ni dakika tisini." Na ule wa saa nane mchana? Kisha anafunga kipindi: "Mwisho wa siku, wachezaji waamke mapema wafanye mazoezi." Waamke mapema, magharibi!

Tena hatukuwa na njaa ya neno. Hatimaye ipo, mwishowe ipo. Ukitaka kukazia, kuna "yote tisa, kumi ni...", usemi uliokamilika kabisa, umeachiwa bibi zetu peke yao.

Utanijibu kwamba Waingereza nao walitafsiri sisisi: "it goes without saying" ni Kifaransa kilichovishwa koti. Ni kweli, na leo hakuna Mwingereza anayeshtuka. Ndiyo maana siahidi kushinda. Usemi wako umeshafika bungeni na kwenye mimbari. Basi kijiweni sema utakavyo, sitakugombeza. Kwenye insha ya mtihani nitaupiga mstari mwekundu. Na ukimwahidi mdai wako kwamba mwisho wa siku utamlipa, usilalamike akigonga mlango saa kumi na mbili jioni.