Herufi mbili za Git, na kazi iliyokwama foleni

SWALI: Natumia Git, programu ya kufuatilia matoleo ya faili. Nikiandika git status -s kuona hali ya faili kwa ufupi, faili moja linaonyesha MM, jingine M iliyosogea kulia, jingine ??. Nimeshafanya git add. Mbona M bado ipo?

JIBU: Hizo ni safu mbili, si neno moja. Ya kushoto ni mabadiliko uliyokwisha kuyatenga kwa git add ili yaingie kwenye toleo lijalo; ya kulia ni yale ambayo bado hujayatenga. M iliyosogea kulia ina nafasi tupu mbele yake: umehariri, hujatenga chochote. MM ndiyo yenye mtego. Ulitenga, kisha ukahariri tena faili lilelile. Ukifanya git commit (kuhifadhi toleo) sasa, litaingia toleo la wakati wa git add, nawe utadhani marekebisho ya mwisho yamepotea, kumbe yapo kwenye diski. Endesha git diff --cached uone kitakachoingia, na git diff pekee uone kilichobaki nje, halafu rudia git add. Alama ?? ni faili ambalo Git haijaanza kulifuatilia.

SWALI: Kazi yangu kwenye Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi kwenye kompyuta za pamoja, iko PD tangu jana. Niifute niitume upya?

JIBU: Usikimbilie kufuta, huenda ukapoteza kipaumbele ilichojipatia kwa kusubiri. PD ni kungoja tu. Sababu iko mwishoni mwa mstari wa kazi yako katika squeue, amri ya kuonyesha foleni. Ikiwa Priority (kazi nyingine zina kipaumbele zaidi) au Resources (mashine zinazohitajika bado hazijawa huru), vuta subira. Ikiwa DependencyNeverSatisfied, kazi nyingine ambayo hii yako inaisubiri haikuisha ilivyotakiwa, na hii yako haitaanza yenyewe. Hiyo ndiyo ya kufuta kwa scancel.