Nilimnunulisha mtu diski mpya, kumbe mbovu ni flashi yangu

Mama Neema ana duka la steshenari jirani na shule ya msingi. Kompyuta yake ni HP EliteBook 840 G1, Core i5 ya kizazi cha nne, ile mitumba migumu isiyokufa. Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haipokei prosesa ya umri ule, akaniita. "Mwanangu, niwekee hiyo Linux yako ya bure. Lakini Jumatatu nina mitihani ya kuchapa."

Siku ilikuwa Ijumaa. Nikajua ni kazi ya nusu saa.

Flashi yangu ya GB 64 ilikuwa na Ventoy, programu inayokuwezesha kurundika ISO kadhaa (ISO ni faili moja lenye mfumo mzima wa kusakinisha) kwenye flashi moja kisha ukachagua ya kuwasha. Nikanakili humo Linux Mint 22, toleo moja la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, nikabonyeza F9 mashine ilipoanza kuwaka, ikaja menyu, Mint ikapanda vizuri kabisa. Kipanya kinakwenda, Wi-Fi inashika, hata Firefox inafunguka. Nikabofya kitufe cha kusakinisha. Unakili wa mafaili ulipovuka nusu, ukakwama, kikaja kisanduku: [Errno 5] Input/output error.

Ujumbe ule ni mrefu na unavuruga akili. Unasema huenda CD ni mbovu, huenda diski ngumu imezeeka, tena unashauri mashine ipelekwe mahali penye ubaridi. Mama Neema akaigeuzia feni. Mimi nikashika lile neno la diski kuzeeka, maana mashine yenyewe nzee, nikamwambia anunue SSD, diski ya kisasa yenye kasi. Akatoa hela ya mauzo ya wiki. Jumamosi nikafunga SSD mpya, nikaanza upya, kosa likarudi lilelile.

Hapo ningetulia. Sikutulia. Nikadhani ISO ndiyo iliyoharibika wakati wa kupakua, nikachoma bando la karibu GB 3 kuishusha tena. Nikainakili kwenye flashi ileile.

Kilichonipofusha ni mambo mawili. La kwanza, flashi ile nilikuwa nimeshasakinishia mashine mbili kwa ISO nyingine iliyokuwemo humo, kwa hiyo moyoni ilikuwa na cheti cha uaminifu. La pili, Mint ilikuwa inawaka. Kumbe kuwaka si ushahidi. Unapowasha Mint kutoka kwenye flashi, inasoma vile vipande inavyovihitaji tu. Kisakinishi ndicho kinachopitia mfumo mzima, faili kwa faili. Kipande kibovu kikiwa kwenye lugha usiyoitumia au programu usiyoifungua, hutakiona mpaka wakati wa kunakili. Na ISO ile ya zamani ilikaa sehemu ya flashi isiyooza. Mint iliangukia sehemu iliyooza.

Usiku wa Jumamosi ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya Ijumaa: kosa lilipotokea nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika sudo dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za mfumo, nikasoma mistari ya mwisho. Kwenye mashine kama ile, diski ya ndani huitwa sda. Kama ingekuwa mbovu, mistari ingelalamikia sda. Haikutajwa hata mara moja. Ilikuwa SQUASHFS error, tena na tena. Squashfs ndilo furushi lililobanwa ndani ya ISO, na ISO inasomwa kutoka kwenye flashi. Dakika mbili za kusoma zingeokoa hela ya SSD.

Kuna mtego mwingine ulionichelewesha. Nilishahakiki ISO kwa sha256sum, amri inayokokotoa msimbo wa faili unaobadilika faili likiharibika, nikalinganisha na ule msimbo mrefu ulioko kwenye tovuti ya Mint, ukafanana. Nikahakiki na nakala iliyoko kwenye flashi, nayo ikafanana! Lakini nilihakiki papo hapo baada ya kunakili, na kompyuta ilikuwa bado inaishika faili ile kwenye RAM. Ilinisomea kutoka kwenye kumbukumbu yake, flashi haikuguswa. Nilipoichomoa kwa utaratibu, nikaichomeka tena na kurudia, msimbo ukawa mwingine kabisa. Kama unatumia Ventoy kuna njia safi zaidi: kwenye menyu yake simama juu ya ISO, bonyeza m, chagua SHA256, itaikokotoa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Walio Windows wanaweza kutumia certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256 mwishoni, mradi wachomoe flashi kwanza na kuirudisha.

Kuthibitisha, nikaifuta flashi yote nikaijaribu kwa f3, inayopatikana kwa sudo apt install f3. Amri ya f3write inaijaza flashi data ya majaribio, f3read inaisoma na kuhesabu kilichopona. Iliyopotea ilikuwa zaidi ya GB 1. Programu hiyohiyo huumbua flashi feki zinazojitangaza GB 64 ilhali ndani ni 8, kwa hiyo siku hizi sinunui flashi bila kuipitisha huko. Kwenye Windows ipo H2testw.

Kosa lako likiwa tofauti, usinifuate njia hii yote. Skrini ikibaki nyeusi baada ya menyu, ongeza nomodeset kwenye mstari wa kuwashia, mara nyingi ni kadi ya michoro. Kisakinishi kisipoiona diski kabisa kwenye laptopu mpya mpya, tazama BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya mfumo kuwaka) kama kuna Intel RST au VMD, njia za Intel za kusimamia diski, na kabla ya kugusa chochote humo hakikisha unao ufunguo wa BitLocker, kifungio cha diski cha Windows, la sivyo Windows ya mwenye mashine itakufungia mlango.

Jumapili nikaazima flashi ya GB 8 kwa kijana wa duka la simu, nikahakiki, nikasakinisha. Dakika kumi na tano.

Nikamweleza Mama Neema ukweli, kwamba diski yake ya zamani haikuwa na kosa. Akaicheka ile mashine inavyowaka upesi sasa. "Hiyo SSD sikudai, mwanangu. Ila ile ya zamani utanifungia kwenye kompyuta ya Neema, na hela ya ufundi husemi."

Kaweka Jumamosi ijayo. Flashi nimeshanunua nyingine.