Je, ni maua ya karanga yanayonikohoza?

SWALI: Jambo Mama. Nauza karanga hapa Ruashi, Lubumbashi. Magunia yanatoka upande wa Kasenga. Mimi na binti zangu tunamenya na kupepeta ndani ya nyumba. Tangu mwezi wa nne napiga chafya, macho yanawasha, usiku nakohoa. Jirani anasema ni chavua ya maua ya karanga. Ni kweli?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Ua la karanga linasingiziwa. Hufunguka alfajiri, hujichavusha lenyewe, na chavua yake imefichwa katikati ya petali zilizofumbana, kwa hiyo upepo hauna cha kubeba. Tena kwenye gunia hakuna ua.

Mnachovuta ni vumbi la udongo na maganda, pamoja na spora, yaani vimbegu vya kuvu. Nyingine zinatokana na majani yenye ugonjwa wa madoa au wa kutu yaliyokauka pamoja na karanga. Ila mimi naogopa zaidi ule ukungu wa kijani-manjano, Aspergillus flavus, unaoota kwenye karanga zilizonyeshewa na mvua za mwisho kabla hazijakauka. Ukigawa milimita moja mara 1,000, spora yake ina upana wa vipande 3 hadi 6 tu. Hata ukijifunga kitambaa cha kitenge puani, hakiizuii. Tafuta barakoa nzuri, pepeteni nje, upepo ukitokea mgongoni, na watoto wakae mbali.

Nikuulize: mnanyunyizia maganda maji ili yalainike? Bibi yangu kule Kipushi alifanya hivyo, nami nikamwiga miaka mingi, maana vidole vinauma kweli. Acheni, tafadhali. Unyevu huo ndio unaoamsha ukungu, na ukungu huo hutoa sumu ya aflatoksini inayoharibu ini. Kukaanga hakuimalizi.

Kabla ya kununua, tikisa ganda: karanga kavu inalia ndani. Zilizooza au kuota ukungu zifukie, usiwape kuku. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula chenye karanga za namna hiyo.

Kifua kikibana au pumzi ikipiga filimbi, usingoje soko liishe, nenda kituo cha afya, na umwambie muuguzi kazi unayofanya. Hilo la mwisho wengi wanalisahau.