Ufunguo uliobaki chini ya godoro

Mhariri, swali lenu la wiki linasema: "Ikitokea Rais ameshindwa kufanya kazi, je, Katiba tuliyonayo inatosha kutuvusha?" Mimi si mwanasheria. Nina duka la steshenari jirani na stendi ya mabasi hapa Moshi. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nauza madaftari na bahasha. Lakini Ibara ya 37 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano nimeitoa kopi mara nyingi kuliko cheti cha kuzaliwa cha mtu yeyote, kwa hiyo mtaniwia radhi nikijibu kwa kirefu.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 18 Machi 2021. Usiku wa kuamkia siku hiyo Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alikuwa ametangaza kwenye televisheni kwamba Rais John Magufuli amefariki dunia. Nilifungua duka saa moja kama kawaida, na saa tatu ilipofika benchi la nje lilikuwa limejaa watu wasio na karatasi ya kutoa kopi. Wengine walisimama tu, mikono mifukoni. Kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyeuliza kwanza, "Sasa leo nchi ina Rais gani?" Akajibiwa Waziri Mkuu. Mwingine akasema Jaji Mkuu anashika, halafu uchaguzi unaitishwa ndani ya siku tisini. Mzee aliyekuwa anasubiri basi la Same akaapa kwamba nchi inashikwa na jeshi mpaka mazishi yaishe.

Nikavuta droo, nikatoa kijitabu cha Katiba. Huwa naviuza, ingawa kabla ya siku ile kilikuwa kinaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa. Nikawasomea ibara ndogo ya 5: kiti cha Rais kikiwa wazi kwa kifo, kujiuzulu, kupoteza sifa za uchaguzi au kushindwa kazi kwa maradhi, Makamu wa Rais ataapishwa na atakuwa Rais kwa muda uliobaki wa ile miaka mitano. Hakuna uchaguzi wala siku tisini. Kijana wa bodaboda akataka nakala akawaonyeshe wenzake kijiweni. Kurasa mbili, shilingi mia mbili. Hadi mchana nilikuwa nimemaliza robo tatu ya rimu kwa kurasa hizo hizo mbili, na wino ukaanza kufifia.

Kesho yake, Ijumaa tarehe 19, Makamu wa Rais akaapishwa. Tarehe 30 jina la Dk. Philip Mpango likapelekwa bungeni kuziba nafasi ya Makamu, Bunge likamthibitisha, na tarehe 31 naye akala kiapo. Katiba inataka Rais mpya ashauriane kwanza na chama chake, kisha jina lipate kura zisizopungua nusu ya wabunge wote. Yote yalifanyika ndani ya wiki mbili, nasi huku stendi tukaendelea kuuza na kununua. Kwa upande wa kifo, jibu langu ni kwamba Katiba inatosha. Ningeongeza kitu kimoja tu: Rais aliyechaguliwa amepewa siku saba awe ameshika madaraka, ila Makamu anayerithi kiti hakutajiwa siku wala saa ya kuapa. Wenye nia njema hawahitaji kutajiwa. Malawi mwaka 2012, Rais Bingu wa Mutharika alipofariki tarehe 5 Aprili, baadhi ya mawaziri walihangaika kumzuia Makamu wa Rais Joyce Banda kwa sababu alikuwa ameshafukuzwa kwenye chama chao. Aliapishwa tarehe 7. Siku mbili ni nyingi sana kwa mtu anayetafuta njia ya panya.

Sasa turudi juu kidogo kwenye ukurasa ule ule, ibara ndogo ya 2, ambayo hakuna mtu wa benchi aliyeniuliza. Hiyo ndiyo inayohusu Rais aliye hai lakini hawezi kazi. Nawaandikia kwa maneno ya dukani. Baraza la Mawaziri likiona Rais hawezi kumudu kazi zake kwa maradhi ya mwili au ya akili, linaweza kupeleka azimio kwa Jaji Mkuu. Jaji Mkuu anateua bodi ya madaktari bingwa wasiopungua watatu. Bodi inachunguza na kumshauri. Akiridhika, Jaji Mkuu anampelekea Spika hati kwamba Rais hamudu kazi. Zikipita siku saba bila Jaji Mkuu kubatilisha tamko hilo kwa sababu Rais amepata nafuu na kurudi kazini, kiti kinahesabiwa kuwa wazi, na Makamu anaapishwa.

Ukiisoma haraka unaona kila mtu yumo: mawaziri, jaji, madaktari, Spika. Nami niliiona nzuri, mpaka nilipoisoma tena nikiwa na hasira za jambo jingine kabisa.

Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, mtaani kwetu. Wanaojua VICOBA wanajua sanduku: la chuma, kufuli tatu, washika funguo watatu tofauti, na mwenyekiti haruhusiwi kuwa mmoja wao. Mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, wiki chache kabla ya mgao wa akiba zetu, mshika ufunguo wetu mmoja hakuja kikaoni. Tukapiga simu. Binti yake akasema mama anapumzika. Wiki iliyofuata, mama ana mafua kidogo. Wiki ya tatu tukaenda wanne, na mkungu wa ndizi na lita mbili za maziwa, kama inavyotakiwa. Tulikalishwa sebuleni, tukapewa chai, tukaambiwa amelala. Tukaongea habari za mvua. Mjukuu wa miaka kama mitano ndiye aliyetoka chumbani akasema, "Bibi haongei." Ilikuwa kiharusi, tena cha siku ishirini nyuma. Ufunguo ulikuwa chini ya godoro alilolalia, na hakuna aliyethubutu kumgeuza mzazi wake kitandani ili atoe ufunguo wa sanduku la watu.

Sikuwalaumu wale watoto, na hata leo siwalaumu. Kwetu Uchaggani, na nadhani hata kwenu, kusema mzazi hawezi tena ni kama kumzika akiwa anapumua. Ni uchuro. Kenya mwaka 1976 Mwanasheria Mkuu wa wakati ule, Charles Njonjo, alifika mahali pa kuwaonya wanasiasa kwamba kuwaza kifo cha Rais ni kosa la jinai lenye adhabu ya kifo, kisa walikuwa wanajadili nani atamrithi Mzee Kenyatta. Mzee alifariki miaka miwili baadaye, tarehe 22 Agosti 1978. Hiyo sheria haikumponya.

Sisi tulimwita fundi wa kuchomelea akakata kufuli kwa grenda mbele ya wanachama wote. Wengine walilipwa mgao Januari, ada za shule zikiwa zimeshapitiliza. Baadaye tukaandika upya nusu ukurasa wa katiba ya kikundi, na wakati nachapa hiyo nusu ukurasa dukani ndipo ibara ndogo ya 2 iliponirudia kichwani. Wanaoshika ufunguo wa kwanza wa kumtangaza Rais mgonjwa ni mawaziri peke yao. Jaji Mkuu hawezi kuanza. Madaktari hawawezi kuanza, hata yule anayemtibu. Spika anasubiri hati mezani kwake. Na mawaziri ni watu walioteuliwa na huyo huyo mgonjwa, anayeweza kuwaondoa kesho yake akiamka na nafuu. Ni wale watoto wa sebuleni kabisa, tofauti ni kwamba hawa wana magari ya serikali.

Kuna la ajabu zaidi. Rais asipokuwepo, kikao cha Baraza la Mawaziri kinaongozwa na Makamu wa Rais. Maana yake kikao cha kujadili kama Rais anamudu kazi kitaongozwa na yule atakayerithi kiti. Hebu mfikirie kitinda mimba wa kiume, ambaye kwa desturi ndiye anayebaki na kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha baba, aite ukoo na kusema, "Tumekutana kuulizia kama mzee bado anaelewa mambo." Hata kama nia yake ni safi kama theluji ya Kibo, nani atamwangalia machoni? Makamu mwenye heshima zake atanyamaza. Asiye na heshima ndiye atakayeita kikao.

Msinielewe vibaya. Sisemi ibara hii ilipaswa kutumika Machi 2021. Rais hakuonekana hadharani kuanzia mwishoni mwa Februari, maneno yakawa mengi, viongozi wakasema yupo na anachapa kazi, kisha tukasikia tuliyoyasikia. Mimi sikuwa na cheti cha daktari mkononi. Ninachokumbuka ni wateja wakinong'ona dukani huku wakiangalia mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyejua ni nani hasa mwenye haki ya kuuliza.

Kwa haki, kuna mahali Katiba yetu imewazidi wenzetu. Rais akiwa nje ya nchi, kazi zake zinashikwa na Makamu, na kama Makamu hayupo au ni mgonjwa, Waziri Mkuu. Haisubiri barua. Nigeria waliikosa hiyo. Rais Umaru Yar'Adua aliondoka Novemba 2009 kwenda kutibiwa Saudi Arabia, hakuliandikia Bunge kukabidhi madaraka, na nchi ikaning'inia hadi tarehe 9 Februari 2010 Bunge lilipopitisha azimio la kumpa Makamu wake, Goodluck Jonathan, ukaimu. Lakini kinga yetu inafanya kazi mgonjwa akipanda ndege. Akilala hapa hapa nyumbani, tunarudi kwa watoto wa sebuleni.

Marekani nao walishalalia ufunguo. Rais Woodrow Wilson alipigwa na kiharusi Oktoba 1919, na kwa muda mrefu mkewe, Edith, ndiye aliyekuwa anachagua karatasi zipi zimfikie. Muhula wake uliisha Machi 1921. Utaratibu kamili wa kumpokea madaraka Rais asiyejiweza waliuidhinisha mwaka 1967, na wao pia wakamkabidhi Makamu na mawaziri mwanzo wa shughuli, ingawa waliacha nafasi ya Bunge lao kuteua chombo kingine badala ya mawaziri.

Walio karibu nasi ndio walionipa wazo. Nina mteja kutoka Taveta, Kenya, anavuka mpaka wa Holili kila wiki mbili kuchukua bidhaa, na siku moja aliikuta ile kopi nimeibandika ukutani. Akaisoma, akasema, "Kwetu mbunge yeyote anaweza kuanzisha, mradi aungwe mkono na robo ya wenzake." Nilidhani anajigamba. Nilipoitafuta Ibara ya 144 ya Katiba yao ya 2010 nikakuta ni kweli, tena siku zimehesabiwa: Bunge la Taifa likikubali hoja kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote, Spika ana siku mbili kumjulisha Jaji Mkuu, Jaji Mkuu ana siku saba kuunda jopo, na jopo lina siku kumi na nne kuleta ripoti. Ndani ya jopo kuna madaktari watatu, wakili mmoja, na mtu mmoja anayependekezwa na Rais mwenyewe au familia yake. Hilo la mwisho nimelipenda. Kwetu ibara ndogo ya 2 haikuipa bodi ya madaktari siku hata moja ya ukomo.

Na hatuna haja ya kwenda Kenya kuazima kila kitu. Ibara ya 46A ya Katiba yetu wenyewe inasema Rais akituhumiwa kuvunja Katiba au maadili, wabunge wasiopungua asilimia ishirini wanaweza kutia sahihi hoja ya kumshtaki na kuipeleka kwa Spika. Kwa hiyo Rais mkosaji anaweza kuulizwa na wabunge, Rais mgonjwa hawezi. Wapeni asilimia ishirini hao hao haki ya kumwomba Jaji Mkuu aunde bodi ya madaktari, mbali na mawaziri kubaki na haki yao. Wekeni siku za bodi. Kikundi chetu kiliweka: wanachama watano wakiomba, kikao lazima kikae ndani ya wiki, na mshika ufunguo asipofika, ufunguo unafuatwa.

Nilimsomea barua hii mwalimu mmoja mstaafu anayekuja kutoa kopi za mambo ya pensheni yake. Shikamoo yangu aliiitikia vizuri, lakini hoja yangu aliikataa. Alisema wabunge watamgeuza Rais mgonjwa wa kila msimu; akikohoa tu kwenye hotuba, sahihi zinakusanywa. Nikamwambia sahihi zitaishia kwa madaktari, hazimwondoi mtu. Akasema, "Mama, wewe hujawahi kuona uvumi ukipelekwa hospitali ukarudi na cheti." Nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshawahi. Akataka kopi ya Ibara ya 37 akaisome upya nyumbani kwake. Nilitaka kumpa bure, akakataa, akahesabu sarafu zake mia mbili juu ya kaunta na kuondoka bado anatikisa kichwa.

Msomaji wenu,
Pasua, Moshi