Mstari unaokata picha kwenye gemu: usinunue kadi mpya bado

Mkuu uliyeko Lindi, umeeleza kwamba kwenye kompyuta yako ya mezani ya mtumba yenye kadi ya picha ya NVIDIA, GTX 1050 Ti, na monita ya Hz 60, ukicheza gemu la mpira na kamera ikaufuata mpira kutoka winga moja hadi nyingine, unaona mstari wa mlalo unaikata picha. Fundi kakwambia kadi imekufa, nawe unasubiri hela ya mnada wa kwanza wa korosho ununue nyingine. Nakuomba hiyo hela usiiguse. Nina chumba cha gemu hapa Chikongola, Mtwara, na hili ndilo tatizo ninaloulizwa kuliko yote. Kwa ulivyolieleza, kadi yako ni nzima.

Hakikisha mwenyewe. Mstari ukitokea, bonyeza Print Screen, halafu piga kioo picha kwa simu. Picha ya simu inaweza kuunasa mkato, ila ile ya kompyuta itatoka safi, maana picha huchanika wakati inapelekwa kwenye monita, siyo wakati kadi inaichora. Ukiona madoa au pembetatu za ajabu mpaka ndani ya picha ya kompyuta, hapo sasa tuishuku kadi. Na mstari ulioganda sehemu moja hata kabla Windows haijawaka, huo ni wa monita au kebo.

Itazame nguzo ya goli kamera inapopita haraka. Kipande cha juu kiko pale, cha chini kimeruka pembeni, utadhani nguzo imevunjwa. Vipande hivyo ni vya fremu mbili tofauti, yaani picha mbili kati ya zile kadi inazochora moja baada ya nyingine. Monita ya Hz 60 huchora picha kuanzia juu kwenda chini mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7. Kadi yako haisubiri zamu hiyo: ikimaliza fremu inaileta hapo hapo, hata kama monita imefika katikati ya kioo. Juu inabaki fremu ya zamani, chini inaingia mpya. Ndiyo maana picha huchanika hata ukiwa na fremu 45 kwa sekunde. Wanaosema ni tatizo la fremu kuzidi 60 tu wanapotosha watu.

Kabla ya yote, weka draiva halisi ya NVIDIA, ile programu inayoiendesha kadi, maana mashine nyingi za mtumba huja na ile ya msingi ya Windows. Kisha ingia kwenye setingi za skrini uone kama monita inaendeshwa kwa Hz 60 kweli. Anayetumia TV aangalie zaidi, kuna wakati Windows inachagua Hz 30.

Halafu jaribu kucheza gemu kwenye dirisha lisilo na mipaka, ile Borderless kwenye setingi za gemu. Hapo mara nyingi Windows yenyewe ndiyo inayopanga picha kabla ya kuipeleka kwenye kioo, na mkato unaisha bila kugusa kingine.

Usipoisha, washa V-Sync. Inailazimisha kadi isubiri monita imalize kuchora, basi mkato unakatika kabisa. Tatizo lake ni hili: kadi ikishindwa kumaliza fremu ndani ya zile milisekunde 16.7, kwenye gemu nyingi inangoja zamu nzima inayofuata, na unashuka kutoka 60 hadi 30 ghafla. Ukipiga pasi unaona mchezaji anachelewa kuitikia. Hapo watu huizima kwa hasira, wakati dawa ni kupunguza vivuli na ubora wa nyasi mpaka kadi ifikishe 60 bila kuhema. Mashine ikiwa dhaifu zaidi, fungua NVIDIA Control Panel, kwenye Vertical sync chagua Adaptive: V-Sync inafanya kazi fremu zikifika 60 na kujizima zikipungua. Ipo pia ya nusu, inayokufungia kwenye 30. Mimi naona 30 iliyotulia ni bora kuliko 60 inayoanguka kila dakika.

Kuna wanaoshauri ufunge fremu kwenye 60 kwa programu ya RivaTuner na usiwashe V-Sync. Peke yake haitoshi. Mkato unabaki, tena unatambaa taratibu juu ya kioo na kukera kuliko mwanzo. Faida ya kufunga fremu ni joto, na huku kwetu pwani hilo si dogo. Chumba kikifungwa mchana, baada ya nusu saa kadi inachemka, inajipunguza kasi, na ile 60 uliyokuwa nayo inapotea. Fungua ubavu wa kompyuta, toa vumbi kwenye feni, isogeze mbali na ukuta.

Korosho zikilipa na bado unatamani kununua kitu, nunua monita yenye FreeSync, inayoisubiri kadi badala ya kadi kuisubiri yenyewe. NVIDIA waliziruhusu kadi za GTX 10 kutumia monita hizo tangu 2019, ila kwa kadi yako lazima iwe kebo ya DisplayPort, HDMI haitakupa. Ulizia tundu hilo dukani kabla hujalipa.

Anza na Print Screen, kisha weka hapa jina la gemu na fremu unazopata ukishacheza nusu saa, nikuelekeze vivuli uviweke wapi.